Kwotabeki wa chuo anapimwa kwa kipimo gani hasa? Shedeur kashuka mpaka namba 144

#1 MtazamajiWaUsiku (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Drafti ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Marekani) ya 2025 imekwisha huko Green Bay na mimi bado sijaelewa. Cam Ward kaenda namba 1 kwa Titans, hapo sina neno. Shedeur Sanders wa Colorado, ambaye tangu msimu uishe tunaambiwa ni wa raundi ya kwanza, na wapo waliomweka tano bora, kachaguliwa wa 144, raundi ya 5, na Browns. Tena Browns haohao walikuwa wameshamchukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, namba 94.

Timu ziko 32. Kila moja ina maskauti wanaozunguka vyuo mwaka mzima, ina video za kila mechi, ina madaktari, ina wanasaikolojia. Wote wanamwangalia kijana yuleyule. Mmoja anaona nyota, mwingine anaona hafai hata raundi ya 4.

Hoja yangu naiweka wazi: kwenye nafasi ya kwotabeki hakuna anayejua. Wanabahatisha. Anayepinga aje na ushahidi.

(Kwa wageni: kwotabeki ndiye anayepewa mpira mwanzo wa kila mchezo na kuamua arushe pasi, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Drafti ni utaratibu wa timu kuchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, na iliyofanya vibaya msimu uliopita ndiyo inayoanza.)

#2 ChalinzeDallas
Nakazia. Tom Brady mwenyewe alichaguliwa wa mwisho kabisa, raundi ya 7. Mtu mwenye pete saba za Super Bowl, fainali ya NFL!

#3 MzeeWaYadi
Chalinze, hapana. Brady ni raundi ya 6, namba 199, mwaka 2000, kutoka Michigan. Kabla yake walikwenda kwotabeki sita: Pennington, Carmazzi, Redman, Tee Martin, Bulger na Spergon Wynn. Wa mwisho kabisa unayemfikiria ni Brock Purdy wa Iowa State, namba 262, mwaka 2022, akachukuliwa na 49ers. Msimu wa 2023 aliwafikisha Super Bowl.

Kuhusu Brady watu wanapenda kucheka ile mbio yake ya yadi 40, sekunde 5.28. Mimi naona la maana zaidi ni kwamba hata kocha wake wa chuo hakuwa na uhakika naye. Msimu wake wa mwisho pale Michigan alikuwa anagawana muda na Drew Henson. Anayemwona kila siku mazoezini anasita, skauti wa New England au wa Cleveland afanyeje?

#4 DadaTakwimu
Mleta uzi, "hakuna anayejua" ni kauli kubwa mno. Lakini ngoja nikuonyeshe ugumu ulipo, maana kazi hiyo nimeifanya.

Nilipokuwa mwanafunzi huku Marekani nilikuwa nakata video kwenye timu ya chuo. Kazi yenyewe ni hivi: unasimamisha picha pale mpira unapotoka kwa senta (yule anayemrudishia kwotabeki mpira mchezo uanze), unahesabu walinzi wa wapinzani waliorudi nyuma, unaandika wamejipangaje, halafu unasogeza picha kidogokidogo mpaka kwotabeki aachie mpira. Unaandika: pasi fupi kulia, imefika, yadi 6. Kwenye jedwali inaonekana pasi nzuri. Lakini kushoto, kwenye picha hiyohiyo, yuko mdakaji amesimama peke yake na mbele yake yadi 30 tupu. Je, kijana hakumwona? Alimwona akaogopa? Au kocha alishamwambia mchezo huu usiangalie kushoto kabisa? Picha haisemi. Mimi nilikuwa ndani ya jengo lilelile na bado mara nyingi ilibidi nikamuulize kocha msaidizi. Skauti wa NFL hana wa kumuuliza kwa urahisi hivyo, na akimpata huyo kocha, kocha naye anataka kijana wake achaguliwe juu.

Kwa hiyo wanatazama kazi ya watu kumi na mmoja pamoja na kocha wao, halafu wanatakiwa watoe alama ya mtu mmoja. Hapo ndipo mzizi ulipo kwa maoni yangu.

#5 MtazamajiWaUsiku
Dada, asante, hili la video sikuwahi kulifikiria. Lakini si ndiyo maana wanawaita kombaini (majaribio ya pamoja mbele ya timu zote) na kwenda kuwaona vyuoni mwao wakirusha? Pale kijana yuko peke yake, hakuna wa kumsingizia.

#6 KisumuNdogo
Pale yuko peke yake, ni kweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Amevaa kaptula, hakuna anayemkimbilia kumvunja mbavu, wadakaji anawajua, na kila pasi ameifanyia mazoezi tangu Januari.

Mkumbuke kwotabeki Zach Wilson wa chuo cha BYU, Machi 2021. Anakimbilia kushoto, yeye ni wa mkono wa kulia, mwili unaelekea kwingine, halafu anaachia mpira unavuka uwanja unaangukia mikononi mwa mdakaji kule mbali. Ile video ilizunguka kila mahali, mimi mwenyewe niliitazama nikairudia. Jets wakamchukua namba 2. Kwenye mechi za kweli alishindwa vitu vidogo: pasi ya yadi 5 kwa mtu aliye wazi, kutulia miguu, kuusoma ulinzi uliojificha. Aprili 2024 wakampeleka Denver.

Mkono ule upo. Hakuna aliyedanganya kuhusu mkono.

#7 FundiWaKocha
Habari zenu. Nafundisha vijana wa sekondari huku Texas, naomba nichangie upande wa mchezo wenyewe, kwa sababu watu wanadhani chuo na NFL ni mchezo mmoja.

Uwanja tu si uleule. Ile mistari midogo ya katikati, inayoonyesha mpira uwekwe wapi, chuoni imeachana futi 40. NFL ni futi 18 na inchi 6. Maana yake chuoni mpira mara nyingi unawekwa karibu na upande mmoja, na upande wa pili unabaki uwazi mkubwa. Kijana anazoea kuona uwazi ule, NFL haupo. Sheria nazo: chuoni walinzi wa mbele wa timu yenye mpira, wale wanaomkinga kwotabeki, wanaweza kusogea mpaka yadi 3 mbele kabla ya pasi kurushwa, NFL yadi 1. Ndiyo maana ule mchezo wa kujifanya unakabidhi mpira kisha unarusha unafanya kazi sana chuoni. Adui hawezi kujua kama walinzi wanakuja kufungua njia ya mkimbiaji au vipi.

Halafu kuna maneno. NFL kocha anazungumza kwenye kofia ya kwotabeki kwa redio, na saa ya mchezo ikibaki sekunde 15 redio inakatika. Kijana anatakiwa ayarudie yale maneno kwa wenzake kumi: mpangilio, nani anahama, nani anamzuia nani, kila mdakaji anakimbia njia gani. Sentensi ndefu kweli, na ukikosea neno moja mtu anakimbia kulia badala ya kushoto. Kisha anasogea kwenye mstari, anawaangalia wapinzani, na akiona mpango hautafaa anaubadilisha hapohapo kwa sauti. Vyuoni wengi walikuwa wanageuka tu ukingoni, wanainuliwa bango lenye picha, basi. Redio ya kofiani vyuo vikubwa vimeanza kuitumia msimu wa 2024.

Kwa hiyo unapomtazama kijana wa chuo, kazi kubwa atakayoifanya NFL hujamwona akiifanya hata kidogo. Siyo kwamba ameifanya vibaya. Hajaifanya.

#8 PapaKivu
Bandugu, jambo yenu. Niko Grand Rapids, Michigan. Fundi anasema kweli kabisa. Mutoto wa dada yangu anacheza kwotabeki kwa sekondari, anavaa kitambaa kwa mukono, ndani iko karatasi ya namba. Kocha anapiga kelele "21!", yeye anaangalia karatasi, anacheza. Siku moja nilimuuliza: hii 21, sababu gani kocha aliichagua? Akaniambia: mjomba, sijui, ni 21 tu. Na ni mutoto mwenye akili sana kwa masomo.

#9 ChalinzeDallas
Fundi, nakuheshimu, lakini hoja ya mfumo wa chuo iliwahi kumkosesha mtu Mahomes, kwotabeki nyota wa Chiefs! Texas Tech ile ya kurusha tu, kila mtu akasema kwotabeki wa mfumo ule hawawezi NFL. Alipiga yadi 734 kwenye mechi moja na Oklahoma na bado wakasema ni mfumo. Bears walikuwa na chaguo la 1 mwaka 2017 wakamchukua kwotabeki mwingine, Trubisky. Haya.

#10 MzeeWaYadi
Chalinze, leo umeniamulia. Chaguo la 1 mwaka ule ni Myles Garrett, mlinzi, kwenda Browns. Bears walikuwa wa 3, wakawalipa 49ers wapande nafasi moja tu ili wamchukue Trubisky namba 2. Mahomes alikwenda wa 10 kwa Chiefs, ambao walipanda kutoka 27 kwa kufanya biashara na Bills. Kwotabeki Watson akafuata wa 12.

Ila hoja yako inasimama. Trubisky alikuwa ameanza mechi 13 tu pale North Carolina. Waliona mtu safi, mrefu wa kutosha, anayerusha kwa mpangilio wa kitabuni. Kwa Mahomes waliona mtu anarusha akiwa anaruka, anarusha bila miguu kutulia, wakasema wapinzani watamnyaka pasi kila siku. Kilekile walichokiita kasoro ndicho kikawa silaha.

#11 MamaAmani
Kwangu mimi jibu ni kocha na timu anayoangukia. Mnawazungumzia vijana kana kwamba wanakuja wameshaiva.

Jared Goff, namba 1 mwaka 2016 kwa Rams. Msimu wa kwanza alianza mechi saba akapoteza zote saba. Watu wakaandika kwamba ni hasara. Mwaka uliofuata akaja kocha Sean McVay, na msimu wa 2018 wakafika Super Bowl. Ni mtu yuleyule na mkono uleule. Aaron Rodgers alishuka mpaka 24 mwaka 2005, akakaa miaka mitatu nyuma ya kwotabeki mzoefu, Favre, akijifunza. Alex Smith aliyechaguliwa namba 1 mwaka huohuo akaingizwa moto mara moja, na waratibu wa mashambulizi wanabadilishwa juu ya kichwa chake. Na yule David Carr wa Texans 2002! Timu mpya, hakuna walinzi wa mbele, akaangushwa mara 76 msimu mmoja. Ukimpiga mtu hivyo unategemea ajifunze nini?

Na Sam Darnold, namba 3 mwaka 2018. Jets wamemchoka, Panthers wamemchoka, mwaka 2024 katua Minnesota kashinda mechi 14. Sasa niambieni, maskauti wa 2018 walikosea au walipatia?

#12 KisumuNdogo
Swali la MamaAmani la mwisho ni zuri kuliko uzi mzima. Kama hukumu ya 2018 inabadilika 2024, basi hata neno "kukosea" tunalitumia mapema mno.

#13 TangaRaha
Mimi sikubali kila kitu kiwe kocha. Ryan Leaf je? 1998 Colts walimchukua Peyton Manning namba 1, Chargers wakapanda wakamchukua Leaf namba 2. Wakati ule wapo waliosema Leaf ndiye mwenye mkono mkubwa zaidi. Mechi yake ya tatu, dhidi ya Kansas City: pasi 15, ikafika moja, yadi 4. Kazi yake yote aliiacha na tachidauni (pasi za kufunga) 14 na pasi 36 zilizonyakwa. Aligombana na waandishi, aligombana na viongozi wa timu yake. Pale kilichokosekana ni tabia, na tabia inaonekana ukiuliza vizuri.

#14 MzeeWaYadi
Tanga, karibu. Nakuongezea kitu hapo. Manning msimu wake wa kwanza alinyakwa pasi 28, rekodi ya mchezaji mgeni, na Colts wakamaliza 3 kwa 13, yaani walishinda 3 wakapoteza 13. Chargers mwaka huo walimaliza 5 kwa 11. Aliyekuwa anatazama matokeo tu Desemba 1998 angeweza kusema wote wawili wameshindwa. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa anajifunza kutokana na zile 28. Hiyo utaipimaje Aprili, siku ya drafti?

#15 MchumiWaMbezi
Wakuu, kuna wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, waliichambua drafti kwa miaka mingi ya takwimu. Waliangalia wachezaji wa nafasi moja waliofuatana kwenye kuchaguliwa: je, aliyechaguliwa mbele anamzidi anayemfuata? Jibu lilikuwa asilimia 52. Karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi, hawa watu wanalipa mali nyingi kupanda nafasi kwa uhakika ambao hawana.

#16 DadaTakwimu
Mchumi, takwimu ni hiyo lakini usiipeleke isikokwenda. Ile 52 ni ya wawili waliofuatana, na ni ya nafasi zote, si kwotabeki peke yao. Ukimlinganisha wa raundi ya 1 na wa raundi ya 5, wa raundi ya 1 kwa wastani ni bora, na wao wenyewe hawakulikana hilo. Walichosema ni kwamba bei ya kupanda juu inazidi thamani unayoipata, kwa sababu timu zinajiamini kupita kiasi.

Mfano ni Panthers 2023. Kumpata Bryce Young walitoa chaguo la 9, la 61, mdakaji wao mkubwa DJ Moore, la raundi ya pili la 2025, na la raundi ya kwanza la 2024. Hilo la mwisho likageuka kuwa namba 1 na Bears wakamchukua Caleb Williams. Bryce mwaka wa pili akawekwa benchi baada ya mechi mbili, halafu aliporudi akacheza vizuri. Mpaka leo hatujui atakuwa nani, lakini bei imeshalipwa.

#17 TangaRaha
Yaani ni kama kununua tikiti maji sokoni. Unaligonga, linalia vizuri, ukilipasua nyumbani jeupe. Na muuzaji naye hajui lilivyo ndani.

#18 ChalinzeDallas
😂😂 Tanga umeua.

Lakini jamani si kuna vipimo vya akili? Ule mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12?

#19 FundiWaKocha
Wonderlic. Kombaini waliuacha 2022. Haukuwahi kusema lolote la maana kuhusu kuusoma ulinzi wa NFL. Maswali ya hesabu na maneno ukiwa umekaa kwenye kiti, huku nje unatakiwa uamue ndani ya sekunde mbili na nusu kilo 130 zinakuja usoni.

Kikaja kipimo kingine cha kompyuta, S2, cha kuangalia jicho na akili zinafanya kazi kwa kasi gani. Mwaka 2023 zikavuja taarifa kwamba C.J. Stroud kapata alama 18 kwa 100, watu wakaanza kumshusha. Texans wakamchukua namba 2. Msimu wa kwanza yadi 4,108, tachidauni 23, pasi 5 tu zilizonyakwa, tuzo ya mgeni bora wa mashambulizi. Video zake za Ohio State zilikuwa zinaonyesha kila kitu, hasa ile mechi ya nusu fainali na Georgia. Waliokuwa wanaitazama video hawakushtuka.

#20 KisumuNdogo
Na msisahau mikono. Wanawapima kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kimetandazwa. Burrow inchi 9, wakasema ni mdogo. Pickett inchi 8 na nusu, Steelers wakamchukua wa 20 hata hivyo. Burrow na mkono wake mdogo kaifikisha Bengals Super Bowl, Pickett Steelers walimwachia. Ukisema mikono si kitu unapingwa na mmoja, ukisema ni kitu unapingwa na mwingine.

#21 MwanaWaMombasa
Nimesoma uzi wote na naona kuna jambo mnalizunguka. Rangi.

Warren Moon, 1978, hakuchaguliwa na timu yoyote. Akaenda Kanada, akashinda Grey Cup (kombe la ligi ya huko) tano na Edmonton, ndipo NFL ikamfungulia mlango 1984. Leo yuko kwenye jumba la magwiji. Lamar Jackson 2018: kijana ana tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, na Bill Polian, mtu aliyejenga timu kubwa, anasema hadharani kwamba ahamie kuwa mdakaji. Akaenda wa 32, wa mwisho raundi ya kwanza. Tuzo mbili za MVP (mchezaji bora wa msimu) baadaye, ya kwanza kwa kura zote, mnaniambia lilikuwa ni suala la video tu? Macho yanayotazama video ni ya watu, na watu wana mazoea yao kuhusu kwotabeki anafananaje.

#22 TangaRaha
Mombasa, historia hiyo ni kweli na inauma. Lakini kwa leo je? Ward namba 1, Caleb Williams namba 1 mwaka 2024, Daniels namba 2, Young na Stroud 2023 namba 1 na 2. Wote weusi. Kwa Shedeur sidhani kama ndicho kisa.

#23 MwanaWaMombasa
Sijasema timu zinakataa weusi. Nasema maneno hubadilika. Wakati wa Moon ilikuwa "hawezi kuongoza". Kwa Lamar "ahamie kudaka". Sasa kwa Shedeur nasikia "anajiamini mno", "hakufanya vizuri kwenye mahojiano", na wanaosema hawatajwi majina. Kujiamini kwa kwotabeki mwingine kunaitwa uongozi.

#24 DadaTakwimu
Mombasa, hoja ya maneno yasiyo na majina naiunga mkono kabisa, inaharibu vijana. Ila kwa Shedeur kuna jambo la uwanjani ambalo hata mimi linanisumbua. Misimu miwili Colorado aliangushwa mara 94. Mara 52, kisha 42.

Ukisimamisha picha utaona mambo mawili kwa wakati mmoja. Walinzi wake wa mbele walikuwa dhaifu kweli, kuna michezo anafikiwa kabla hajamaliza hatua zake za kurudi nyuma. Lakini kuna mingine mdakaji wa kwanza yuko wazi, mpira unatakiwa utoke, naye anarudi nyuma zaidi, anazunguka, anatafuta pasi kubwa, anaangushwa yadi 12 nyuma. Usahihi wake ni wa juu sana, asilimia 74 msimu wa 2024. Sasa je, anashikilia mpira kwa sababu ya tabia yake, au alijifunza hivyo kwa sababu hakuwaamini walinzi? Ya kwanza inamfuata NFL. Ya pili inaweza kuisha akipata walinzi wazuri. Timu zilizosema "tabia" zilimpita. Browns raundi ya 5 wamesema tujaribu, bei ni ndogo.

#25 MtazamajiWaUsiku
Hapo Dada umenigusa. Lakini Josh Allen basi? Wyoming alikuwa anafikisha pasi asilimia 56 tu. Kila aliyejua takwimu alisema usahihi haufundishiki. Bills wakamchukua wa 7 mwaka 2018, mwaka wa kwanza asilimia 52.8, wakasema mmeona. Mwaka 2020 akafika 69.2. Msimu wa 2024 ni MVP. Kumbe unafundishika!

#26 MamaAmani
Au alipata Stefon Diggs 2020, mdakaji wa kweli. Au kocha Brian Daboll alimjengea mfumo. Au alikwenda kuirekebisha miguu yake na mwalimu binafsi. Vyote vitatu vilitokea, ndiyo sababu nasema mazingira.

#27 FundiWaKocha
Mama, mazingira mazuri wameyapata wengi na hawakuwa Allen. Trey Lance alikwenda kwa Kyle Shanahan, huwezi kupata kocha bora kwa kwotabeki mchanga. 49ers walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza kumfuata namba 3 mwaka 2021. Kijana alikuwa na msimu mmoja kamili North Dakota State, tachidauni 28 bila pasi kunyakwa hata moja, halafu mwaka wa 2020 mechi moja. Aliumia, hakucheza sana, wakampeleka Dallas kwa chaguo la raundi ya 4. Mazingira yaleyale ndiyo yakamlea Purdy wa 262, ambaye alikuwa ameanza kwa miaka minne Iowa State.

Kwangu kipimo kinachokaribia ukweli ni mechi. Bo Nix alianza mechi 61 chuoni, Broncos wakamchukua wa 12 na mwaka wa kwanza tu akawafikisha mchujo. Jayden Daniels alicheza miaka mitano. Tangu 2021 vijana wanaruhusiwa kulipwa kwa jina lao, hawana haraka ya kuondoka. Maskauti watakuwa na video nyingi zaidi.

#28 KisumuNdogo
Fundi, Mahomes na Allen hawakuwa na mechi nyingi hivyo, na Burrow kabla ya 2019 nani alimtaja? Kaka, kila kanuni mnayoileta ina MVP anayeivunja.

#29 MchumiWaMbezi
Turudi kwenye pesa, maana ndiyo inayoeleza kwa nini wanaendelea. Sam Bradford 2010, kabla hajacheza, mkataba wa dola milioni 78 na milioni 50 zimehakikishwa. 2011 sheria ikabadilika, Cam Newton namba 1 akapata milioni 22 kwa miaka minne. Kwotabeki mzoefu leo, Dak Prescott, milioni 60 kwa mwaka. Ukimpata kijana anayefaa kwa bei ya mgeni, zile pesa nyingine unanunua walinzi na wadakaji. Kwa faida hiyo hata uwezekano mdogo unavumilika. Halafu meneja wa timu anayekaribia kufukuzwa akichagua kwotabeki anapewa muda mwingine wa kusubiri kijana akue. Wengine wanachagua ili wabaki kazini, siyo kwa sababu wameshawishika.

#30 MzeeWaYadi
Hilo la mwisho ni kweli tupu. 2024 kwotabeki sita wamekwenda ndani ya machaguo 12 ya kwanza. Sidhani kama mwaka mmoja huzaa sita.

#31 ChalinzeDallas
Mzee, 1983 raundi ya kwanza ilitoa sita: Elway, Blackledge, Kelly, Eason, O'Brien, Marino. Watatu wako jumba la magwiji. Leo nimekuwahi!

#32 MzeeWaYadi
Safi kijana, zote sahihi. Na Marino ndiye alikuwa wa mwisho kati yao, namba 27.

#33 PapaKivu
Bandugu, naomba musaada kwa ile kijana yetu. Mwaka kesho anamaliza. Iko chuo kidogo kinamwambia atacheza mara moja, na iko kikubwa kinasema aje akae nyuma ya wengine. Mama yake anataka kikubwa. Ninyi munasema nini?

#34 MamaAmani
Papa, kwanza ulizeni nani atakuwa kocha wake wa kwotabeki na amebakiza mkataba wa muda gani. Jina la chuo baadaye.

#35 FundiWaKocha
Papa, Cam Ward huyu wa namba 1 sekondari yake hapa Texas walikuwa wanakimbia sana na mpira, hakurusha sana. Chuo kimoja ndicho kilimpa nafasi, Incarnate Word cha San Antonio. Akacheza mara moja, akahamia Washington State, akamalizia Miami. Mimi ningempeleka anakocheza. Lakini kabla hajasaini popote, nitumie kwa faragha video zake, mechi nzima tafadhali, siyo zile zilizokatwa kuonyesha tachidauni tu. Na ile karatasi ya mkononi, mwambie kila jumatatu akakae na kocha wake amweleze sababu ya kila namba.

#36 PapaKivu
Asante sana Fundi. Natuma leo usiku. Na ile 21 itakuwa ya kwanza kuuliza.

#37 TangaRaha
Kuna anayejua mechi za majaribio za Browns zinaanza lini? Mpaka drafti hii ya 2025 kwotabeki wao ni Flacco, Pickett, Gabriel na Shedeur, na Watson bado anauguza mguu. Nataka nione nani atakuwa anapewa walinzi wa kikosi cha kwanza.